Mikono ya Mwalimu Ikae Nyuma: Siku Moja ya Darasa la Ushonaji

Siku ya darasa kwangu huanza na sindano. Wanafunzi wakiwa bado hawajafika, napita kwenye kila cherehani, natoa sindano na kuiburuta ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, naiweka kando. Nyingine hazikwaruzi lakini zimepinda kidogo mno kwa jicho kuona, kwa hiyo nazilaza juu ya kipande cha kioo na kutazama kama mwanga unaopita chini yake uko sawa toka mwanzo hadi mwisho. Sindano hufaa kubadilishwa baada ya saa nane hivi za kushona, na cherehani ya darasa la jamii, inayopita katika mikono ya watu wengi kwa wiki, hufikisha saa hizo mapema kuliko ya nyumbani. Kwa kitambaa cha pamba cha uzito wa kawaida naweka namba 80 au 90, na kwa jinzi namba 100. Namba hizo ni unene wa sindano katika sehemu za mia za milimita, yaani sindano namba 90 ina unene wa milimita 0.9. Mwanafunzi akilijua hilo, hahitaji kukariri jedwali.

Darasa letu huchukua saa tatu na lina cherehani nane, baadhi za umeme na baadhi za kukanyaga kwa miguu. Anayeanza simpi uzi. Anapewa karatasi yenye mistari na cherehani isiyotungwa, naye hutoboa matundu akifuata mstari mpaka mguu na mikono vizoeane. Kwa cherehani ya miguu zoezi hili lina faida ya ziada, kwa sababu mtu asiyezoea hukanyaga na gurudumu likarudi kinyume, jambo ambalo, kama uzi ungekuwapo, lingeukata au kuukunja humo ndani. Karatasi huvumilia hayo yote.

Baada ya hapo nawakusanya kwenye cherehani moja niliyoifungua kifuniko cha chini, yenye uzi mwekundu juu na wa bluu kwenye bobini, yaani kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, nami nazungusha gurudumu kwa mkono, polepole sana. Sindano hushuka hadi mwisho wake, kisha hupanda kidogo tu, na katika kupanda huko uzi mwekundu hulegea nyuma ya sindano ukafanya kitanzi. Ndoana inayozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukivusha kuizunguka bobini yote, halafu mkono wa chuma ulio juu ya cherehani huuvuta uzi, na nyuzi mbili hubaki zimekabana ndani ya kitambaa. Ndiyo maana tundu la sindano ya cherehani liko karibu na ncha, tofauti na ile ya mkono: sindano hii haivuki kitambaa chote, kazi yake ni kuupeleka uzi chini ukadakwe. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya namna hii huko Marekani mwaka 1846, na cherehani nyingi zilizo mbele ya wanafunzi wangu bado zinashona kwa mpango huohuo. Natumia dakika ishirini kwa jambo hili moja bila kuona nimepoteza muda, kwa kuwa karibu kila tatizo watakalokutana nalo baadaye linaelezeka kwa safari hiyo ya kitanzi.

Juzi mama mmoja wa makamo aliniita akisema, "Mwalimu, bobini imeharibika." Chini ya kitambaa chake palikuwa na fundo kubwa la uzi, limejaa kama kiota, wakati upande wa juu mshono ulionekana wa kawaida. Miaka yangu ya mwanzo ningemwomba anipishe, nikakaa kwenye kiti chake na kulimaliza jambo kwa nusu dakika. Nilifundisha hivyo kwa muda mrefu, mpaka mwanafunzi aliyekuwa amemaliza mafunzo akiwa na sketi tatu nzuri alipokuja kuniambia kwamba ya nne imemshinda, kwa sababu nyumbani uzi ulichomoka na hakujua kuutunga. Zile sketi tatu, kila alipokwama, nilikuwa nimezinusuru mimi. Tangu siku hiyo nikiitwa nasimama mikono ikiwa nyuma ya mgongo, na sichelei kusema kwamba ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii.

Basi nilimuuliza: uzi uliojaa chini ni wa rangi gani? Akachungulia. "Mwekundu." Na mwekundu unatoka wapi? "Juu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba basi kosa liko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vya chuma vinavyoubana. Kiguu cha kukandamiza kitambaa kikiwa kimeinuliwa, visahani hivyo huachana; kikishushwa, hubana. Akitunga uzi kiguu kikiwa chini, uzi hukaa juu ya visahani badala ya kuingia kati yake, haubanwi na chochote, na kila mshono hushusha uzi mwingi kupita kiasi. Alichomoa wote, akainua kiguu, akatunga upya, akashika ncha mbili za uzi nyuma kwa mishono ya kwanza, akakanyaga. Sauti ya cherehani ikabadilika kabla hata hatujautazama mshono.

Kile kiota alikifumua yeye mwenyewe pia. Nawafundisha kufumua kwa kukata mshono mmoja kila baada ya minne au mitano upande mmoja, kisha kuvuta uzi wa upande wa pili utoke mzima, kwani anayevuta kwa nguvu tangu mwanzo hutanua nyuzi za kitambaa chenyewe. Anayeshika sehemu mpya, kama mkono wa gauni, hupiga bandi kwanza, yaani mshono wa muda, akiweka urefu wa mshono kuwa milimita 4 badala ya 2.5 ya kawaida, ili kufumua kusimwumize.

Kuhusu kukata sisemi mengi siku za mwanzo. Nasisitiza tu kwamba kitambaa cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya mkasi kukigusa, na kwamba mbele ya vazi ifuate uzi wa urefu wa kitambaa, la sivyo nguo itajisokota mwilini baada ya kufuliwa.

Karibu na mwisho wa darasa nilimkuta yule mama amesimama kwenye cherehani ya jirani yake, binti aliyekuwa na kiota kilekile. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. "Uzi wa chini una rangi gani, mwanangu?" akamuuliza. Nikaenda zangu kwenye meza ya pasi.

Wakiondoka, nabaki na sumaku na sakafu. Pini huhesabiwa kurudi kwenye kopo, na sindano iliyovunjika hupangwa juu ya karatasi nyeupe kipande kwa kipande, toka shina hadi ncha, mpaka iwe nzima. Juzi zilivunjika mbili. Ncha ya pili niliipata ndani ya pindo la sketi iliyokuwa imekunjwa tayari kupelekwa nyumbani.