Kopo Moja, Kemikali Mbili: Hatari Iliyomo Kwenye Stoo ya Kusafishia Maji

Ninapokagua stoo ya kemikali ya kiwanda chenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, au mtambo wa kusafishia maji, sianzi na mapipa. Naanza na kopo la kuchotea. Katika stoo moja nililikuta limekatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, linaning'inia msumarini. Ubavuni lilikuwa limeganda unga mweupe wa klorini, na kwenye kitako mlikuwa na tope kidogo la shabu, ile dawa ya kutuliza uchafu wa maji. Nilipolisogeza karibu, harufu ikanichoma puani. Kijana wa stoo akaniambia, "Usihofu mkuu, hapa ndivyo kunavyonuka siku zote."

Nilihofu, na nilikuwa na sababu. Unga ule ni hipokloriti ya kalsiamu, wenye klorini ya asilimia 65 hadi 70. Shabu ikiloa maji huwa na asidi. Asidi ikiugusa unga ule, klorini hutoka ikiwa gesi, na ile harufu aliyoizoea kijana ndiyo gesi yenyewe. Kuhusu mafuta, klorini ya unga ikikutana nayo hupata joto na inaweza kuwaka bila kiberiti. Kopo lile lilikuwa limebeba hatari zote mbili.

Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo hutambaa chini na kutuama mashimoni. Ikivuja, usilale wala usikimbilie bondeni. Panda juu, elekea upepo unakotoka. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hurudi kazini baada ya kukohoa kidogo.

Kwa kostiki soda, kemikali kali inayotiwa kwenye maji ya boila, cha kuchungwa zaidi ni macho. Kostiki huendelea kupenya ndani ya jicho hata baada ya maumivu ya kwanza kupungua, tena huweza kudhuru kuliko asidi nyingi. Suuza papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, ukiwa umefumbua kope kwa vidole, ndipo uende kwa daktari. Unapochanganya asidi na maji, au kostiki na maji, tia kemikali kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kemikali, maana huchemka na kukurukia usoni.

Shabu watu huidharau kwa sababu wameizoea. Ndiyo ile ambayo bibi zetu huizungusha mtungini ili tope litulie. Huko Camelford, kusini magharibi mwa Uingereza, iliwatesa watu. Tarehe 6 Julai 1988, dereva aliyekuwa akimshikia mwenzake zamu alifika kwenye mtambo wa Lowermoor usio na mtu. Alikuwa na ufunguo, lakini hakulijua vizuri tangi la kumiminia. Tani 20 za maji ya shabu zikaingia kwenye tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa, tayari kwenda majumbani. Maji yakawa na asidi hadi yakamung'unya shaba ya mabomba. Watu walitapika, wakatoka vidonda mdomoni na vipele mwilini, na zaidi ya wiki mbili zikapita kabla hawajaelezwa wazi kilichotokea. Mabomba yalipofunguliwa ili kumwaga maji yale, yaliingia mitoni, na samaki wakafa kwa makumi ya maelfu. Kilichokosekana siku ile ni maandishi makubwa kwenye tangi na mtu mmoja wa kumwelekeza dereva.

Na hapa mazingira yanaanza kulipia uzembe wa stoo. Maji ya bomba yanapotufikia huachiwa klorini kidogo, kuanzia miligramu 0.2 kwa lita, ili vijidudu visirudi. Kwetu ni kinga. Lakini kwa samaki, hata sehemu za mia za miligramu zinaweza kudhuru, kwa kuwa yeye huivuta moja kwa moja kwa matamvua. Kwa hiyo kuosha tangi la klorini na kuyaachia maji kwenye mtaro wa mvua ni kosa, hata kama maji ni meupe kabisa. Klorini ivunjwe kwanza kwa thiosulfeti ya sodiamu, kisha ipimwe. Fosfeti, kemikali nyingine za maji ya boila, zikifika ziwani hurutubisha mwani na magugu maji, na mwani ukifa na kuoza, hewa ya samaki hupungua majini. Tope linalobaki chini ya matangi ya shabu nalo lisimwagwe mtoni.

Tanzania ina sheria mahsusi ya kemikali za viwandani na majumbani, ya mwaka 2003, inayomtaka anayeshughulika nazo asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mfanyakazi, omba karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali, na mwombe mkubwa wako akueleze kwa Kiswahili. Kila kemikali iwe na kopo lake, lenye rangi yake. Klorini iwekwe mbali na shabu, asidi na mafuta, pakavu na penye hewa.

Jambo la mwisho ni dumu tupu. Mengi hutoka viwandani yakaishia sokoni, kisha jikoni yakiwa na maji ya kunywa. Dumu la kemikali lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye mtambo yanakotumika, kisha litobolewe kitako ndipo litoke getini.