Kilichoua masega ya gari lako ni nini?

Hapa Tabora ukitaja masega, mtu anawaza asali ya Sikonge. Mafundi nao wana masega yao: kopo la chuma kwenye njia ya ekzosi, karibu na injini au chini ya sakafu ya gari. Jina limekaa vizuri. Ukilipasua kopo unakuta kauri yenye vitundu vidogo mno, mara nyingi 400 katika inchi moja ya mraba, kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Humo ndimo kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni zinapogeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke na naitrojeni ya kawaida.

Madini hayo ndiyo yanayowaleta wanunuzi gereji. Mwenye gari anauza, fundi anachomelea bomba tupu, taa ya injini inawaka. Siku gari likitakiwa kupimwa moshi ndipo anapotafuta masega ya dukani, yasiyo ya kampuni iliyounda gari.

Hayo nayo yanaweza kufaulu kipimo, ila bei yake ya chini ina sababu: madini yamepakwa kiduchu. Marekani, utaratibu wa 1986 ulioruhusu yauzwe ulitaka yafanye kazi walau maili 25,000, kama kilomita 40,000. Ya kiwandani huko hudhaminiwa maili 80,000. California ni wakali zaidi: kopo lazima liwe na namba ya kibali inayoendana na gari husika.

Lakini kosa ninaloliona zaidi halihusu duka. Masega hayafi yenyewe, huuawa. Tuliwahi kuletewa chuoni Noah yenye masega mapya, na taa ilikuwa imerudi baada ya miezi minne. Kompyuta ikasoma P0420, yaani masega hayasafishi inavyotakiwa. Kuyafungua, vitundu vya mbele vimefunikwa jivu jeupe. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Mwenyewe alikuwa akiongeza lita ya oili kila wiki mbili, akiona ni kawaida ya gari kuukuu. Fosforasi ya kwenye oili hufunika yale madini, moshi ukapita bila kuyagusa. Plagi au koili ikiwa mbovu na injini inamisi, ni balaa jingine: petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka kauri inayeyuka. Kwa hiyo fundi akikwambia badilisha masega, muulize kwanza yale ya zamani yalikufa kwa nini. Akikosa jibu, shika hela yako.

Siku ya kipimo, usifike na injini baridi. Masega huanza kazi yakifika nyuzi 250 hadi 300 hivi. Chini ya hapo ni bomba tu. Endesha dakika 20 kwanza. Wala usifute namba za hitilafu, kama ile P0420, asubuhi hiyohiyo, maana kompyuta ya gari inaanza upya kujipima, na California gari la namna hiyo hurudishwa. Wapo wanaoinua sensa ya nyuma, ile inayokagua moshi uliokwisha kupita kwenye masega, kwa kipande cha bomba ili taa izimike. Taa itazimika kweli, lakini mashine inayopima moshi kwenye ekzosi haidanganyiki.

Na ukifuata asali porini mwezi wa nane, usiegeshe juu ya nyasi kavu. Masega yaliyotoka safari yana joto la kuziwasha.