Sumaku ya IRM, miale ya kansa na DNA: hofu ya kweli iko wapi?

Familia za hapa Lubumbashi zinazotafutia wagonjwa wao radioterapi nje ya nchi zimeanza kuniuliza: "Docta, kuna mashine inapiga miale mgonjwa akiwa ndani ya IRM (mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku). Sumaku hiyo haizidishi madhara kwenye DNA?" Kama mwanafizikia wa tiba, nalipenda swali hili, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: sumaku kubadili dozi ya miale inayofika mwilini, na sumaku kuzidisha madhara kwenye DNA yenyewe.

Mashine zenyewe zipo. Elekta Unity, iliyomtibu mgonjwa wake wa kwanza Utrecht, Uholanzi, mwaka 2017, ina sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Nyingine, MRIdian, ina tesla 0.35, na toleo lake la kwanza lilitoa miale kwa kobalti-60 (kobalti, madini ambayo sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa). Sumaku ya dunia, ile inayovuta dira, ni mikrotesla 50 hivi (mikrotesla ni sehemu ya milioni ya tesla), kwa hiyo tesla 1.5 inaizidi mara 30,000. Faida yake ni kubwa: daktari anauona uvimbe ukisogea wakati uleule miale inapita.

Eksirei, miale inayopigwa na mashine kama Unity, haina chaji ya umeme, sumaku haiigusi. Lakini ikiingia mwilini hung'oa elektroni, chembe ndogo zenye chaji, na hizo ndizo zinazofanya kazi ya kuharibu. Elektroni sumaku inaipinda. Yenye nishati ya MeV 1 (yaani eV milioni moja; eV ni kipimo cha nishati ya chembe), ikiwa hewani ndani ya tesla 1.5, huzunguka kwa nusu kipenyo cha milimita 3 hivi. Ndani ya nyama hugongana ovyo na kuchoka mapema, hivyo matata huanza penye hewa. Chukua mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi ambaye ana gesi kwenye rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo. Elektroni zinatoka kwenye ukuta wa utumbo, zinaingia kwenye gesi, sumaku inazigeuza, zinarudi kuupiga ukuta uleule. Ukuta unapata dozi ya ziada. Kupiga miale kutoka pande zinazokabiliana hupunguza sana tatizo hili, lakini lazima sumaku iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo wa kupanga tiba.

Tukishuka hadi DNA, yenye nyuzi mbili zilizosokotana na unene wa nanomita 2 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), mambo hubadilika. Dozi ya grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya miale) hukata uzi mmoja wa DNA mara 1,000 hivi katika kila seli, na nyuzi zote mbili mahali pamoja mara 20 hadi 40. Kukatika huko kwa nyuzi mbili ndiko kunakoua seli, na sehemu kubwa hufanywa na elektroni zilizokwisha nguvu. Elektroni ya eV 100 ingezunguka kwa nusu kipenyo cha mikromita 22, yaani nanomita 22,000, lakini husimama baada ya nanomita chache tu. Ni kama kumwambia mtu azunguke jiji zima la Lubumbashi kwa hatua mbili. Kwa upande huu sina wasiwasi hata kidogo.

Njia ya pili ambayo sumaku ingeweza kuigusa DNA ni ya kikemia, na hii nataka ichunguzwe. Karibu theluthi mbili ya madhara ya eksirei hupitia kwenye maji: molekuli zinavunjika, zinazaliwa radikali za hidroksili, vipande vya maji vyenye ukali wa kikemia, nazo zinaivamia DNA. Kila radikali ina elektroni isiyo na mwenzake, yenye spini, yaani tabia inayoifanya iwe kama sumaku ndogo sana. Jozi ya radikali ikiwa na spini zinazopingana, inaweza kuungana tena na hatari ikaisha. Spini zikilingana, kila moja hushika njia yake. Sumaku inaweza kubadili muda ambao jozi inakaa katika hali hii au ile. Kemia hiyo imepimwa maabara kwenye molekuli nyingi, na wengi wanadhani ndiyo inayowaonyesha njia baadhi ya ndege wanaohama. Ila hidroksili ikiwa majini husahau spini yake chini ya nanosekunde moja, na sumaku haipati muda wa kufanya lolote la maana. Kwa maoni yangu, athari hapo ikiwepo ni ndogo mno.

Ndiyo maana nikisoma jaribio linalosema seli zimekufa zaidi ndani ya sumaku, huangalia chombo kwanza. Chupa ya seli ina hewa juu ya maji yake, na hewa hiyo hurudisha elektroni kama gesi ya rektamu. Hata chemba ya ioni tunayopimia dozi ina hewa ndani, na kipimo chake huyumba kwa asilimia kadhaa kulingana na ilivyolazwa mbele ya sumaku. Asiyesahihisha hayo ataisingizia DNA, kumbe seli zake zilipewa dozi kubwa zaidi.

Kwa hiyo familia ikipangiwa mashine hii, iulize mambo mawili: je, dozi ilihesabiwa pamoja na sumaku, na je, gesi ya tumboni inaangaliwa kwenye picha ya kila siku kabla ya miale kuwashwa?