Kuchangia figo: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Daktari akishasema figo zote mbili zimefeli, kikao cha ukoo kinaitwa, na kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kwenda kupimwa utasikia kila aina ya stori. Huku kwetu Tanzania figo inayopandikizwa inatoka kwa mtu aliye hai, kwa hiyo mzigo wote unaangukia familia, na ndo maana haya maneno yanaumiza. Kuna yanayotisha watu bure, na kuna yanayomsukuma mtu atoe figo bila kujua anaingia wapi, na mi haya ya pili naona ni mabaya zaidi maana hakuna anayeyakemea.

Nianze na la wanaume, eti ukitoa figo nguvu za kiume zinaisha. Si kweli kabisa. Homoni za kiume zinatengenezwa kwenye korodani, figo haina kazi hiyo, na anayepata shida hiyo sana ni mgonjwa mwenyewe ambaye figo zimefeli, wengi wao wakishapandikizwa mambo yanarudi. Wanawake nao wanaambiwa hawatazaa, wakati wanabeba mimba na kujifungua vizuri tu. Ila hapa kuna kitu lazima dada aambiwe mapema: utafiti wa Kanada uliotoka 2015 ulikuta presha ya ujauzito ilitokea kwenye kama mimba 11 kati ya 100 za waliochangia figo, na 5 kati ya 100 za ambao hawakuchangia. Binti ambaye bado anataka watoto akiambiwa "hamna shida yoyote" kanyimwa haki yake.

"Ukibaki na figo moja hutaishi muda mrefu." Jamani, Ronald Herrick alimpa pacha wake figo tarehe 23 Desemba 1954 kule Boston, ndo upandikizaji wa kwanza wa figo kufanikiwa duniani, na yeye akaishi mpaka 2010 akiwa na miaka 79. Figo inayobaki inajiongezea kazi, inafika kama asilimia 70 ya uwezo wa zile mbili, na mtu mwenye afya inamtosha. Sa ukisikia hivo usirukie upande wa pili useme hakuna hatari kabisa. Takwimu za Marekani za kuanzia 1994 hadi 2009 zilionesha kama watu 3 kati ya 10,000 waliochangia walifariki ndani ya siku 90 baada ya operesheni, na kwa maisha yote kama 90 kati ya 10,000 watakuja kufeli figo iliyobaki, wakati kwa watu wenye afya nzuri kama yao ambao hawakuchangia ni kama 14. Ni wachache, lakini wapo, na ndo sababu ya vile vipimo vyote vya presha, sukari na mkojo, na ndo sababu mchangiaji anatakiwa apimwe kila mwaka maisha yake yote, kitu ambacho wengi wakishatoka wodini hawakumbuki tena kwa sababu macho ya ukoo mzima yako kwa mgonjwa.

Mwingine anaamini zile figo mbovu zinatolewa. Mara nyingi zinaachwa palepale, mpya inawekwa chini tumboni karibu na nyonga, yani mtu anatembea na figo tatu.

Halafu hili la "akishapandikizwa kapona". Hapa familia zinaumia sana. Figo ya mtu mwingine mwili unaiona kama mgeni na unaishambulia, kwa hiyo mgonjwa anakunywa dawa za kushusha kinga kila siku mpaka mwisho, akiacha figo inakataliwa. Na hata akizinywa vizuri, figo iliyotoka kwa mtu hai kwa wastani inadumu miaka 15 hadi 20 hivi. Watu wanachangishana kwenye magrupu ya WhatsApp hela ya operesheni, hela ya dawa za mwaka wa pili na wa tatu hakuna aliyeiweka kwenye bajeti, na hapo kuna mtu keshatoa kiungo chake. Hilo swali liulizwe kwenye kikao cha kwanza kabisa. Safari ya India siku hizi si lazima, hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam walianza kupandikiza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata 2018.

Dini haikatazi, kwa wanaouliza. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah 1988 likaruhusu kwa masharti, Papa Yohane Paulo wa Pili alilizungumzia Roma mwaka 2000 akasifu kuchangia viungo, na kote wamekataa jambo moja: kuuza.

Maana kuna wanaosema mwili ni wangu, figo ninazo mbili, nikiuza moja natoka kwenye umaskini. Kule Chennai, India, watafiti waliwafuata watu 305 waliouza figo, matokeo yakachapishwa 2002. Karibu wote, 96 kati ya 100, waliuza walipe madeni. Robo tatu bado walikuwa na madeni. Kipato cha familia kilishuka kwa theluthi moja, 86 kati ya 100 walisema afya imeporomoka, na hata hela waliyopewa ilikuwa pungufu ya waliyoahidiwa. Yani umaskini haukuondoka, figo ndo iliondoka.

Na ile hofu ya kulewa baa ukaamka huna figo, hebu fikiria, figo lazima ioane na mpokeaji kwa damu na vipimo, inataka tieta, timu nzima ya madaktari, na mpokeaji anayesubiri tayari. Biashara ya kweli haiji hivo, inakuja na dalali mwenye maneno matamu na karatasi za kusaini. Kenya mwaka 2025 serikali ilisimamisha upandikizaji kwenye hospitali moja ya Eldoret baada ya ripoti za vijana kushawishiwa kuuza figo.

La mwisho ndo linanikera kuliko yote: "we ndo umeoana naye damu, huwezi kukataa." Anaweza. Katika nchi nyingi wanaochangia wengi ni wanawake na wanaopokea wengi ni wanaume, na sitaki kuamini kwamba wote hao waliulizwa wakiwa peke yao. Utaratibu sahihi ni mchangiaji kuongea na daktari na mtaalamu wa saikolojia bila mume, bila baba, bila kaka mkubwa mlangoni. Akisema sitaki, hata kama keshavaa gauni la tieta, operesheni inasimama, na familia inaambiwa tu kwamba hafai kuchangia, sababu hazitajwi.