Kupunguza kelele za barabara na milio ya vipande ndani ya gari la umeme la michezo

Kupunguza kelele ndani ya gari maana yake ni kuizuia sauti isizaliwe, kuifunga njia inayopitia, au kuimeza kabla haijafika sikioni mwa aliyeketi ndani. Hizo ni kazi tatu tofauti, na fedha nyingi hupotea kwa sababu mtu amenunua kitu cha kazi moja akitarajia kifanye nyingine.

Katika gari la umeme suala hili lina uzito wa pekee kutokana na hali ambayo wataalamu wa sauti huiita kufunikwa kwa sauti. Mvumo mzito huifanya sauti ndogo iliyo nyembamba kuliko huo kidogo isisikike, ijapokuwa ipo na kipimo kinaweza kuionyesha. Injini ya mafuta hufanya kazi hiyo bila kukusudiwa. Ikiondolewa na mota ikachukua nafasi yake, ngurumo ya tairi, mluzi wa upepo na kugongagonga kwa klipu iliyolegea hubaki bila cha kuvifunika. Ndiyo sababu gari la umeme linaweza kupimwa likaonekana lina kelele ndogo kuliko la mafuta, na bado mwenyewe akalalamika kwamba linampigia kelele. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, maana sikio huvutwa zaidi na sauti moja inayojitokeza kuliko jumla ya sauti zote.

Gari la michezo huongeza tatizo hilo kwa maumbile yake. Tairi zake ni pana na ukuta wake wa pembeni ni mfupi, springi zake ni ngumu, na bushi zinazounganisha mikono ya magurudumu na bodi huwa na mpira mchache ili usukani ujibu upesi. Kila kinachompa dereva hisia ya barabara humpa pia sauti yake. Bodi nayo hupunguzwa uzito. Tesla Roadster ya kwanza, iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 2008, ilikuwa na chesi ya alumini na paneli za nje za nyuzi za kaboni, na bamba jepesi lililo gumu hutetemeka kwa urahisi likawa kama spika pasipo mtu kulitaka liwe spika.

Kelele ya barabara huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya chuma: kokoto na mikunjo ya lami hutikisa tairi, mtikisiko hupita kwenye rimu, bushi na shokamzoba, kisha sakafu na milango huugeuza kuwa sauti. Njia hii hutawala sauti nzito, takriban chini ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Ya pili ni ya hewa, ambapo sauti inayotoka kwenye uso wa tairi hupenya vioo, matao ya magurudumu na mianya, nayo hutawala sauti nyembamba. Kati ya sauti nzito kuna moja inayowasumbua wengi, nayo hutoka kwenye hewa iliyofungwa ndani ya tairi lenyewe. Wimbi la sauti huzunguka humo kama katika bomba lililopindwa likawa duara, na kwa kuwa mzingo wa wastani wa nafasi hiyo ni kama mita 1.75, ilhali sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, mlio wake huangukia jirani na hezi 200. Hakuna mkeka wa sakafuni unaoutibu vizuri mlio huo. Dawa yake ni tairi lililobandikwa sponji kwa ndani kiwandani, na kwa maoni yangu mwenye gari anayehitaji tairi mpya angeanzia hapo kabla ya kufungua hata skrubu moja. Asichanganyikiwe, hata hivyo, na kiwango cha desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kilichochapwa kwenye lebo ya tairi ya Umoja wa Ulaya, kwa maana hicho ni kelele inayosikika nje gari linapopita, wala hakisemi lolote kuhusu ndani.

Tukija kwenye vifaa vya kubandika, kinachojulikana zaidi ni mkeka wa mpira wa butili wenye karatasi ya alumini juu yake. Kazi yake ni kufifisha mtetemo wa bamba: bamba linapopinda, butili huvutwa kati ya chuma na alumini, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto kidogo sana. Kwa sababu hiyo si lazima kufunika bamba zima. Robo ya eneo, ikibandikwa katikati ambako mtetemo ni mkubwa, mara nyingi hutoa sehemu kubwa ya faida, na kilichozidi hapo ni uzito tu. Ukipiga bamba kwa kidole likatoa mlio wa kengele, linahitaji mkeka. Likitoa mlio mfu, liache. Mikeka ya lami iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa haifai humu, kwa kuwa hunuka na kulainika gari likikaa juani.

Kuizuia sauti ya hewa ni kazi nyingine, na huko mwenye nguvu ni uzito. Kila ukiuongeza maradufu uzito wa kizuizi kwa mita ya mraba, unapata kama desibeli 6 zaidi, hesabu isiyopendeza kwa gari lililonunuliwa kwa wepesi wake. Kizuizi hicho, kwa kawaida shuka zito la plastiki, hufanya kazi vizuri zaidi kikitenganishwa na chuma kwa tabaka laini la sponji. Sponji peke yake humeza sauti, lakini sauti nyembamba tu. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, na sponji humeza vizuri inapokaribia robo ya urefu huo. Kwa hezi 100 unene huo ungepita hata nafasi ya miguu. Asemaye kwamba sponji ya milimita 5 imeondoa mvumo wa sakafu amesikia alichotaka kusikia.

Kabla ya uzito wowote, mianya izibwe. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la mlango huufanya mlango wote, hata ungekuwa wa madini mazito ya risasi, usizuie zaidi ya desibeli 20. Mpira wa mlango uliobonyea, plagi ya sakafu iliyopotea na tundu la nyaya lisilo na mpira wake ni vitu vya bei ndogo ambavyo mara nyingi huzidi mkeka wa bei kubwa. Mipira ya milango ipakwe silikoni, kwani grisi itokanayo na petroli huivimbisha na kuiharibu.

Milio ya vipande ni ugonjwa mwingine kabisa. Mkwaruzo hutokea pale nyuso mbili zinaposhikana, zikaachia, zikashikana tena upesi sana, kama plastiki ya dashibodi dhidi ya plastiki ya mlango. Kugongagonga hutokea pale palipo na nafasi kati ya vitu viwili vinavyofikiana. Mkeka wa butili hautibu hata kimoja, ila ukiongeza uzito kwenye kipande kilicholegea unaweza kukizidishia kishindo. Tiba ya mkwaruzo ni kuweka kitambaa laini chenye gundi kati ya nyuso hizo, na ya kugongagonga ni kuondoa nafasi kwa klipu mpya, sponji iliyobanwa au skrubu iliyokazwa kwa kipimo chake. Kazi ngumu ni kukipata kipande chenyewe, kwa sababu sauti hujificha. Abiria abonyeze paneli moja baada ya nyingine huku dereva akishika mwendo uleule kwenye barabara ileile. Inapowezekana, sauti nzito ichezwe kwenye spika ikipandishwa taratibu, gari likiwa limesimama, hadi kipande kiitikie.

Mikono ina mipaka yake. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, haziguswi. Sakafu isitobolewe kabisa, kwa kuwa katika magari mengi betri iko chini yake. Mifereji ya maji ndani ya milango isizibwe, na paneli zinazoficha mifuko ya hewa zisibandikwe chochote.

Kuna pia milio isiyostahili kuwindwa. Mlio mwembamba unaopanda kadiri gari linavyoongeza kasi ni wa mota na gia, na huvumilika mradi haubadiliki ghafla. Nao mvumo unaosikika kwa mwendo wa chini au gari likirudi nyuma huenda ukawa unatoka kwenye kifaa cha kuwaonya waendao kwa miguu, ambacho Umoja wa Ulaya ulikilazimisha kwa magari yote mapya ya umeme tangu Julai 2021, nacho kimepangiwa kulia hadi kilomita 20 kwa saa.