Farasi wa migodini: giza halikuwapofusha

Ukitaja farasi waliofanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, watu wengi husema kwanza juu ya upofu. Eti mnyama alishushwa akiwa bado mdogo, akakaa gizani miaka nenda rudi, hadi macho yakafa. Huruma hiyo ni ya haki, ila inalilia jambo silo.

Dhana: giza liliwatia upofu

Farasi huona kwenye mwanga hafifu vizuri kuliko sisi, na farasi mzima hapofuki kwa kufanya kazi gizani. Waliopoteza macho walikuwapo, lakini jeraha ndilo lililokuwa adui mkubwa. Njia za mgodini zilikuwa finyu, paa likishikiliwa na magogo, na mwamba wenye ncha ulitokeza usawa wa kichwa cha mnyama. Ndiyo maana walivalishwa kofia ya ngozi ngumu iliyoshuka kwenye paji la uso na kuzunguka macho. Nyuma yake farasi alikokota vigari vilivyojaa makaa. Kwenye mteremko, kigari kilichoponyoka breki kilimvunja miguu. Paa likiporomoka, farasi na kijana aliyemwongoza walifukiwa pamoja. Anayelaumu giza huwasahaulisha watu hatari hizi, ambazo mwenye mgodi angeweza kuzipunguza kwa kupanua njia na kuimarisha paa.

Dhana: akishuka, haoni jua tena

Ilitegemea mgodi. Palipokuwa na njia ya mteremko inayotokea nje, farasi aliweza kurudi juu baada ya zamu. Kwenye mashimo wima yenye kina kirefu hali ilikuwa nzito zaidi: mazizi yalikuwa humohumo chini, kuta zimepakwa chokaa, na chakula kilishushwa kutoka juu. Wengi walipandishwa wakati wa likizo ya mwaka tu, au wachimbaji walipogoma.

Dhana: wote walikuwa vifarasi vidogo

Kule Durham na Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ambako matabaka mengi ya makaa yalikuwa membamba, farasi wafupi wa Shetland, visiwa vya Uskoti, walifaa. Miaka ya 1870 Marquess (cheo cha ukabaila) wa Londonderry, mwenye migodi Durham, alianza kuwazalisha kwenye visiwa vya Bressay na Noss, hukohuko Shetland. Wales Kusini walitumia farasi wakubwa, na Pennsylvania, Marekani, kazi hiyo ilifanywa zaidi na baghala, mnyama azaliwaye na punda na farasi.

Dhana: waliletwa kwa sababu maisha yao hayakuthaminiwa

Hapa pana ukweli nusu. Farasi walikuwa wameanza kushushwa Durham karne ya 18, lakini waliongezeka sana baada ya sheria ya 1842 kuwapiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya mgodi. Kabla ya hapo, katika migodi mingi, watoto ndio waliovuta na kusukuma makaa, wengine wakitambaa na mnyororo kiunoni. Farasi akachukua mzigo wa mtoto. Sioni namna ya kumzungumzia huyo mnyama bila kumkumbuka mtoto aliyemtangulia.

Ulinzi wa farasi wenyewe ulichelewa. Sheria ya 1911 ndiyo iliyokaza kamba: asishushwe kabla ya kutimiza miaka 4, apimwe kwanza na daktari wa mifugo, na kila farasi 15 wawe na saisi, yaani mtunzaji, wao. Kufikia 1913 walikuwa kama 70,000 chini ya ardhi ya Uingereza.

Dhana: hayo ni mambo ya karne ya 19

Serikali ilipotaifisha migodi mwaka 1947, farasi walikuwa bado maelfu kwa maelfu. Mikanda ya kusafirishia makaa na injini ziliwaondoa polepole. Wale wa mgodi wa Ellington, Northumberland, walistaafishwa mwaka 1994. Robbie, anayetajwa kuwa wa mwisho kabisa, aliacha kazi mwaka 1999 katika mgodi mdogo wa Pant y Gasseg, karibu na Pontypool, Wales.