Mzigo wa transfoma na kituo cha chaji kijijini

Mipango ya kuweka vituo vya kuchajia magari na pikipiki za umeme vijijini huanza na ramani: barabara hii, soko lile. Fundi wa stima yeye huinua macho kwenye nguzo na kuuliza transfoma ile inabeba nini.

Mzigo wa transfoma ni jumla ya umeme unaovutwa kwa wakati mmoja na wote walioungwa kwayo. Si matumizi ya siku nzima, ni ya dakika ile ile. Uwezo wake umeandikwa kwenye kibati chake, na kijijini mara nyingi utakuta kVA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 25 au 50. Kibati hakisemi kilichobaki ni kiasi gani. Hicho hupimwa kwenye waya, tena jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni.

Tuseme transfoma ni ya kVA 50, yaani kilowati 50 au pungufu kidogo. Posho mili yenye mota ya hospawa 15 huvuta kama kilowati 11, na ikianza kunguruma taa za majirani hufifia. Sasa leta chaja ya haraka ya magari ya kilowati 50: imeimeza transfoma nzima, na mtu hasagi unga. Isitoshe, chaja hiyo hutaka fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme zinazofanya kazi pamoja, na laini nyingi za vijijini hufika na fezi moja tu.

Wanaotumia umeme barabarani kijijini, kwa sasa, ni watu wa boda boda zaidi kuliko wenye magari. Betri ya pikipiki ina takriban kilowati-saa 3. Ukiichaji polepole kwa kilowati moja, itajaa kwa saa tatu na ushee. Betri kumi kwenye rafu ni kilowati 10, sawa na ile posho mili, ila rafu haina haraka. Dereva huacha betri tupu, hubeba iliyojaa na kurudi stejini. Ile tupu inaweza kungoja hadi kijiji kilale. Kwa Kenya kungoja huko kuna faida ya pesa pia: bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri iliyotangazwa mwaka 2023 na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ilikuwa shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo.

Pale laini isipotosha, kuna sola. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, vituo vya sola vya kampuni ya WeTu vilianza kwa kuchaji taa za wavuvi wa omena. Boda boda za umeme zilikuja baadaye, zikakuta paneli ziko juu ya paa na wateja wameshazoea kukodi kitu kilichochajiwa na kukirudisha kikiisha.